Binti yangu amegoma kuandika kwenye daftari letu la shukrani

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Kifungua mimba ni binti wa miaka 15, anayemfuata ni mvulana wa miaka 11, na kitinda mimba ana miaka 6. Mume wangu ni mtu mwema na anaipenda familia yake. Nalisema hilo mapema ili usije ukadhani nimeandika kumshitaki mtu.

Mwaka jana ulitutesa. Mume wangu alipunguzwa kazini akakaa muda mrefu bila kipato cha kueleweka. Kabla hatujajipanga, mama yake mzazi, ambaye tulikuwa tunaishi naye, akaugua na kufariki. Binti yangu alikuwa akilala chumba kimoja na bibi yake tangu akiwa mdogo. Mimi nikirudi kazini nimechoka, bibi ndiye aliyekuwa akimsikiliza habari za shule, ndiye aliyekuwa akimsuka nywele. Baada ya msiba nyumba ilibadilika. Watu wakishakula wanatawanyika. Watoto wakawa wanagombana kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu: chaja, rimoti, nani amekalia kiti cha nani. Kuanzia asubuhi mpaka kulala nilikuwa nasikia malalamiko tu.

Ndipo nikasoma mahali kwamba zipo familia zinazoweka daftari la shukrani na kwamba linabadilisha hali ya nyumba. Nikanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nikaandika majina yetu sote watano kwenye ukurasa wa kwanza. Utaratibu niliouweka ni huu: kila jioni baada ya kula, kila mmoja anaandika mambo matatu anayoyashukuru kwa siku hiyo, kisha tunasoma kwa sauti kwa zamu. Kitinda mimba bado anababaisha herufi, kwa hiyo yeye anachora.

Mshauri, mwanzoni ilikuwa raha. Mvulana wangu aliandika, "Nashukuru leo mwalimu hakuniita ubaoni," tukacheka wote. Mume wangu si mtu wa kuzungumzia yaliyo moyoni, lakini jioni moja alisoma hivi: "Nashukuru mke wangu hajawahi kuniuliza nitapata kazi lini." Niliinuka nikaenda jikoni nikajifanya natafuta kitu, kumbe nalia. Kurasa nyingine zilinigusa kiasi kwamba nikawa nawasomea dada zangu kwenye simu, na mbili tatu nikazipiga picha nikazituma kwenye kundi la ukoo. Wote walitusifu.

Shida ilianza kwa binti yangu. Akawa anaandika mambo yale yale kila siku: uhai, afya, familia. Baba yake alipoona hivyo akamwambia aandike kitu cha maana. Siku chache baadaye akaandika mstari mmoja tu. Baba yake akamwambia ausome kwa sauti kama wengine, naye akausoma bila kumtazama mtu: "Nashukuru bibi hayupo kuona tunavyoigiza."

Mume wangu alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alisema shukrani ya punda ni mateke, tena mbele ya wadogo zake. Akamhesabia yote: ada iliyolipwa wakati hana kazi, simu aliyonunuliwa, nguo. Binti aliinuka akaenda chumbani kwake. Tangu siku hiyo anakaa mezani, kalamu iko mbele yake, lakini haandiki wala hasemi. Baba yake amechukua simu yake na kusema hataiona mpaka aandike. Mvulana naye ameanza kusema kama dada haandiki, hata yeye hataki. Kitinda mimba anauliza kila jioni, "Leo dada ataandika?"

Nikilifunga daftari, watoto watajifunza kwamba anayenuna ndiye anayeshinda, na nitapoteza kitu pekee kilichomfanya mume wangu afungue mdomo. Nikimlazimisha binti, naogopa nitampoteza moja kwa moja. Dada yangu ananiambia tuendelee wanne, atarudi mwenyewe akichoka, lakini kila nikiona nafasi tupu chini ya jina lake nachomeka moyoni. Na nikuambie ukweli, mimi mwenyewe daftari hilo ndilo lililonishika nisianguke.

Nimelea mtoto asiye na shukrani? Nifanye nini?

Mama wa Watatu


MAJIBU YA MSHAURI

Dada yangu Mama wa Watatu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Kabla ya yote pole kwa kazi iliyopotea, na pole kwa kumpoteza mama mkwe aliyekuwa nguzo ya nyumba yako kuliko wengi walivyojua. Katika barua nzima sikuona mahali ulipoandika kwamba wewe umepewa pole. Ulikuwa unawabeba watu wanne, na katikati ya kuwabeba ukaenda ukanunua daftari ili familia irudi kukaa pamoja. Wazo hilo lilitoka mahali pema, na matunda yake umeyaona. Sentensi ya mume wako kuhusu kutoulizwa habari za kazi ingeweza kubaki kifuani mwake miaka na miaka.

Unaniuliza kuhusu daftari: liendelee, lifungwe au liwe la lazima. Naomba tuanzie nyuma kidogo, kwenye ule mstari mmoja.

"Nashukuru bibi hayupo kuona tunavyoigiza." Mume wako aliusikia kama tusi, na wewe umeusikia kama utovu wa shukrani. Naelewa, maana umeandikwa kwa ukali, na mwandishi wake alijua utauma. Lakini usome tena polepole. Hakusema "mnavyoigiza." Alisema "tunavyoigiza," na yeye mwenyewe akiwemo. Ni mtoto anayeona kwamba kila jioni watu watano wanakaa mezani, nafasi ya mtu wa sita iko wazi, na wanasoma mambo mazuri ya siku bila kumtaja. Labda mlimtaja bibi na hukuniandikia. Kama alitajwa, nisamehe. Lakini kama kurasa zimejaa na jina lake halimo, basi mstari huo huenda ndio mara ya kwanza bibi kuandikwa kwenye daftari la familia yake.

Jiulize pia, kwa utaratibu uliouweka, binti huyu angeandika wapi kwamba amemkumbuka bibi? Siku aliyoamka akakuta kitanda cha pili kitupu, akaenda shule akiwa hana wa kumsuka, jioni alitakiwa alete mambo matatu mazuri. Aliandika uhai, afya na familia kwa sababu hayo yanakubalika na hayachunguzwi. Alipoambiwa aandike cha maana, akaandika cha maana kwake.

Kuna jingine ambalo labda wewe, ukiwa katikati ya wawili hawa, ni vigumu kuliona. Mume wako na binti yako wanamlilia mtu mmoja. Kwa binti, aliyeondoka ni bibi yake; kwa mume wako, ni mama yake mzazi, naye alimzika wakati ambao hakuwa na kazi, wakati ambao wanaume wengi hujiona hawana thamani mbele ya wazazi wao. Kisha mtoto wake akamsomea mezani kwamba ni heri mama yako hayupo kutuona. Mimi sidhani hasira ile ilikuwa ya daftari. Sijakaa naye, kwa hiyo sitadai kujua yaliyo moyoni mwake, lakini ningekuwa wewe ningetafuta saa ya utulivu, watoto wakiwa wamelala, nimuulize kuhusu mama yake kabla sijamuuliza kuhusu simu ya binti. Muulize anamkumbuka kwa lipi siku hizi, kisha umwache aseme au anyamaze.

Nisije nikaonekana napuuza shukrani yenyewe, maana wewe uliona inafanya kazi na hukujidanganya. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao ndio umezaa sehemu kubwa ya haya tunayosoma leo kuhusu madaftari ya shukrani. Waliwagawa watu makundi: wengine waliandika mambo wanayoyashukuru, wengine yaliyowakera, wengine matukio ya kawaida tu. Katika sehemu ya kwanza watu waliandika mara moja kwa wiki, na walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake wakapata kwamba watu walioandika kila usiku kwa wiki moja mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kwa nini yalikwenda vizuri, waliendelea kujisikia nafuu kwa miezi kadhaa. Mwaka 2008 Jeffrey Froh na wenzake walijaribu kitu kama hicho kwa wanafunzi 221 wa darasa la sita na la saba, nao wakaona matunda.

Lakini angalia jinsi watu wale walivyoandika. Kila mmoja aliandika peke yake. Hakuna aliyesomewa mezani na ndugu zake, hakuna baba aliyekagua kama kilichoandikwa kina maana, hakuna simu iliyochukuliwa. Nyumbani sisi tunachukua zoezi la siri la mtu mmoja tunalifanya la hadharani, kisha tunategemea lizae vilevile. Wakati mwingine linazaa hata zaidi, kama lilivyozaa kwa mume wako. Kwa mwingine, hasa kijana wa miaka 15 ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuwa na mambo yake ya ndani, kusomeshwa moyo wake mbele ya wadogo zake ni mzigo mzito.

Wingi wa siku nao una neno. Sonja Lyubomirsky na wenzake walieleza mwaka 2005 jaribio ambamo kundi moja lilihesabu mema mara moja kwa wiki na jingine mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Waliofaidika ni wale wa mara moja. Jambo linalofanywa mara nyingi mno huanza kufanywa kwa mazoea, na mtu anaandika ili amalize. Nyinyi mlikuwa mkiandika kila jioni. Ile "uhai, afya, familia" ya binti yako inaweza kuwa na sababu hii pia, siyo majonzi peke yake.

Sasa naomba nigusie jambo uliloliandika kwa kupita. Ulisema baadhi ya kurasa uliwasomea dada zako kwenye simu, na nyingine ukazituma kwenye kundi la ukoo. Ulifanya hivyo kwa furaha, na mama gani asiyetaka ndugu zake wajue kwamba nyumba yake inapona? Ila sijui kama binti yako yumo kwenye kundi hilo, au kama kuna binamu aliyemwonyesha picha zile. Kama aligundua kwamba wanayoandika mezani yanasomwa na mashangazi na wajomba, basi neno "tunavyoigiza" linapata maana nyingine kabisa: kuna watazamaji. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema ni swali la kumuuliza, na kama jibu ni ndiyo, kumwomba radhi kwa hilo peke yake, bila kuongeza "lakini na wewe," kunaweza kufungua mlango ambao adhabu haiwezi kuufungua.

Tuje kwenye neno lililokuumiza zaidi, kwamba umelea mtoto asiye na shukrani. Mimi siuoni ushahidi wa hilo kwenye barua yako. Mtoto anayemkumbuka bibi yake mpaka anashindwa kuvumilia meza isiyomtaja, huyo anajua vizuri alichopewa na nani alimpa. Shukrani kwa maana yake ya ndani ni hiyo: kuona wema, na kutambua kwamba umetoka kwa mtu mwingine. Anachokosa ni namna ya kuisema inayokubalika mezani kwenu.

Kuhusu baba kumhesabia ada, simu na nguo, najua kilichomfikisha hapo. Mwanamume aliyelipa ada akiwa hana kazi amejinyima mengi, na ana haki ya kutaka ionekane. Hatari yake ni hii: tunapomkumbusha mtu tulichomfanyia ili atushukuru, anachosikia ni deni. Watafiti wakiongozwa na Philip Watkins walionyesha mwaka 2006 kwamba kadiri anayetoa anavyoonekana kutegemea kurudishiwa, ndivyo anayepokea anavyojisikia mwenye deni zaidi na mwenye shukrani kidogo zaidi. Na mwenye deni hukwepa macho ya mdai wake, hata kama mdai ni baba anayempenda. Mume wako akiweza siku moja kumwambia binti yake jinsi ilivyokuwa vigumu mwaka ule, kama habari ya maisha yake tu, bila kuiambatanisha na dai, binti ataisikia tofauti.

Baada ya hayo, uamuzi uko mikononi mwenu, nami nitakuonyesha ninavyoziona njia zenyewe.

Kushikilia kwamba lazima aandike ndiko kunakoniogopesha zaidi. Huenda ataandika, maana simu ni kitu kikubwa kwa umri wake. Atakachoandika kitakuwa bei ya kuikomboa simu, na wadogo zake watakuwa wameona hivyo. Kama mume wako anaona kauli ile ilikuwa utovu wa adabu na inahitaji kusemwa, basi isemwe kama kosa la adabu na imalizwe hapo, simu iwe na siku yake ya kurudi, na shukrani itolewe kabisa kwenye adhabu. Mambo hayo mawili yakitenganishwa, hata wewe utapumua.

Kuendelea wanne kama dada yako anavyoshauri kuna heshima ndani yake, kwa sababu kunampa nafasi ya kutotaka. Lakini ikiwa jina lake liko pale na chini yake pako wazi kila jioni, na mdogo anauliza kila siku kama dada ataandika, hiyo siyo nafasi tena, ni shinikizo. Mkienda njia hiyo, mwambieni wazi kwamba anaweza kukaa nanyi bila kuandika, au kuinuka, na hakuna atakayemhesabia. Na kitinda mimba apewe jibu moja la kweli, kwamba dada anamkumbuka bibi na siku hizi hataki kuandika. Mtoto wa miaka 6 anaelewa hilo, na pengine yeye mwenyewe anasubiri mtu amtaje bibi.

Kulifunga kwa muda pia ni njia. Unaogopa watoto watajifunza kwamba anayenuna hushinda. Inaweza kutokea, sikatai. Lakini wanaweza pia kujifunza kwamba wazazi wao wanaona kitu kinapoumiza na wanasimama. Inategemea mtakavyosema. "Tunaacha kwa sababu dada yenu amekataa" inamtwisha yeye lawama. "Tunapumzika kwa sababu mimi na baba tumeona kuna jambo hatukulipa nafasi" ni kauli ya wazazi wanaoongoza nyumba. Unachoweza kupoteza hapo ni ile sauti ya mume wako, na kwa hilo sikulaumu kusita. Labda muulize yeye. Labda alichohitaji ni mke wake kusikia, na hilo linaweza kuendelea baina yenu wawili bila daftari la watu watano.

Halafu kuna kulibadilisha. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ninapoona upana. Mnaweza kuandika mara moja kwa wiki badala ya kila siku, bila idadi ya lazima. Kila mmoja anaweza kuwa na daftari lake, na siku ya kukaa pamoja anasoma anachotaka kusoma tu, hata kama ni sentensi moja, hata kama ni kusema "leo sisomi." Mnaweza kukubaliana kwamba ukurasa unapokea na yaliyouma. James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 jaribio ambamo wanafunzi waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu mambo mazito yaliyowahi kuwapata. Baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi kwa muda, lakini katika miezi iliyofuata wale waliotoa hisia zao pamoja na habari yenyewe walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo mtu akiandika yanayouma haiharibu daftari. Ila mjiandae, zitakuwapo jioni nzito, na mvulana wako wa miaka 11 aliyekuwa akiandika vichekesho anaweza kushangaa. Vichekesho vyake navyo vilindeni, vina kazi yake.

Na kama mtakubaliana kumpa bibi kurasa zake, msimwachie binti peke yake kuzijaza. Baba aandike alivyolelewa naye. Wewe uandike mlivyoishi naye kama mke wa mwanawe, yaliyokuwa matamu na yale mliyokwaruzana. Kitinda mimba achore. Binti yako akiandika au asipoandika, atakuwa amesikia kwamba hayuko peke yake kwenye msiba ule. Sikuahidi kwamba itamrudisha mezani.

Jinsi ya kuanza naye ni jambo ambalo ningelipima kwa makini. Usimwite sebuleni, na usilianze baba yake akiwa bado na hasira. Wasichana wa umri huo huongea vizuri zaidi mkiwa mnafanya kitu, macho yenu yakiwa kwingine. Umesema bibi ndiye aliyekuwa akimsuka. Sijui sasa anasukwa na nani. Kama atakuruhusu, huenda saa hiyo ikawa yenu, na huhitaji kufungua na daftari. Unaweza kusema tu, "Ule mstari wako nimeufikiria. Nadhani sikuuelewa siku ile." Kisha nyamaza, hata ukimya ukirefuka. Akisema ni kweli mnaigiza, usijitetee. Muulize ni nini hasa kinachomfanya aone hivyo, na jiandae kwamba jibu linaweza kukugusa wewe moja kwa moja, kwa mfano kwamba mama hajawahi kulia mbele yao.

Hapo nakuja kwako. Umeniambia daftari ndilo lililokushika usianguke, na nimeliona neno hilo kuwa zito kuliko mengine yote kwenye barua. Shukrani iliyokushika wewe ni yako halali. Ila jiulize taratibu kama ulihitaji wote wanne waandike ili wewe usimame. Kama ndivyo, kila jioni binti yako asipoandika, wewe ndiye unayetikisika, na yeye anaweza kuwa anaihisi hali hiyo bila kuielewa. Kuwa na daftari lako mwenyewe, lisilosomwa na mtu, kunaweza kukupa unachokihitaji bila kumtegemea yeyote. Na humo andika na uchovu wako. Tafuta pia mtu wa kuongea naye kuhusu mwaka ule, mtu ambaye hatakuambia ushukuru kwanza.

Usilitwike daftari kazi ya daktari pia. David Cregg na Jennifer Cheavens walikusanya tafiti 27 mwaka 2021 wakaona kwamba mazoezi ya shukrani hupunguza huzuni kali na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo mwangalie binti yako kwa jicho la mama. Ukiona halali au analala kupita kiasi, hali chakula, amewaacha marafiki zake, masomo yameporomoka ghafla, au anatamka kwamba hakuna haja ya kuishi, usisubiri daftari wala barua yangu ya pili. Mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha haraka. Kauli ya kutotaka kuishi usiichukulie kama maneno ya hasira, hata kama ameisema akiwa amekasirika.

Mambo haya hayahitaji kufanyika wiki moja. Ningekuomba tu uanze na mume wako kabla ya binti, kwa sababu mkienda kwa mtoto mkiwa na kauli mbili, yeye ndiye atakayebaki katikati. Kuhusu simu, muulize kama yuko tayari kuirudisha bila sharti la kuandika. Akikataa, usiligeuze kuwa ugomvi wa usiku mmoja. Mwachie alifikirie, umrudie baada ya siku mbili tatu.

Niandikie tena ukishaongea nao, hata kama mazungumzo hayakwenda ulivyotaka.

Mshauri wako